Kuchanja na Kuchanjwa: Historia ya Lugha ya Chanjo na Maandalizi ya Mtoto Mdogo

Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili, kitenzi chanja hutofautiana na chanjwa kwa sauti moja tu, yaani kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa. Katika maisha tofauti hiyo si ndogo. Anayechanja ana chombo mkononi na amekwisha kuamua. Anayechanjwa hutoa mkono wake, au hutolewa. Mtoto wa miezi 18 anayepelekwa kliniki kupata chanjo ya pili ya surua yumo upande wa kutendwa. Hakuichagua siku, hakuulizwa, na mara nyingi huwa hajaambiwa lolote hadi anapobanwa mapajani mwa mama yake.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili wameyatumia kulitaja tendo hilo, tangu enzi ya wembe na chale hadi enzi ya sindano na matone. Hoja inayotetewa ni kwamba neno chanjo lilizaliwa ndani ya utamaduni ulioielewa kinga na kuiamini, lakini lugha ya nyumbani inayomhusu mtoto ilifuata njia nyingine, njia ya vitisho na uongo mdogo mdogo. Kumwandaa mtoto kwa chanjo, basi, ni suala la isimu kama lilivyo suala la tiba, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandalizi hayo hufanywa kwa maneno.

Wembe, chale na agano

Kitenzi chanja ni cha zamani kuliko chanjo yenyewe. Mtu huchanja kuni, yaani huzipasua. Na msafiri huchanja mbuga, yaani hukata nyika kwa miguu. Maana inayotuhusu hapa ni ile ya kutia mikato midogo katika ngozi. Mganga alimchanja mgonjwa chale, kisha akapaka dawa juu ya mikato ili iingie mwilini. Chale hizo hazikuwa za kuponya tu. Nyingi zilikuwa za kukinga: mtu mzima, asiyeumwa chochote, alichanjwa ili ubaya ambao haujafika usimpate utakapofika. Wazo la kuumizwa kidogo leo ili kuepuka kuumia sana kesho halikuletwa na meli.

Aidha, kitenzi hicho kilibeba maana ya agano. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliotaka kuwa ndugu walichanjiana, kila mmoja akionja damu ya mwenzake, na tangu hapo wakaitana ndugu wa kuchanjiana. Undugu huo ulikuwa na haki na wajibu, na kuuvunja kulihofiwa. Viambishi vya unyambulishaji vinaeleza mengi hapa: katika -i- na -an- hakuna anayetendwa peke yake. Kila mmoja anatoa mkono na kila mmoja anapokea.

Kwa hiyo, neno lililokuja kubeba dhana ya kisasa lilikuwa tayari na tabaka mbili: kinga inayopita kwenye ngozi, na mkataba unaowafunga watu kwa hiari yao. Tabaka hizo mbili zinafaa kukumbukwa katika sehemu zinazofuata.

Ng'ombe, chipukizi na wembe

Ulinganisho na lugha nyingine unaonyesha upekee wa uamuzi wa Kiswahili. Mwaka 1796, huko Uingereza, daktari Edward Jenner alimtia mtoto wa kiume wa miaka 8 majimaji ya kidonda cha ndui ya ng'ombe, na baadaye akaonyesha kwamba mtoto huyo hakupatwa na ndui ya watu. Jina alilolichagua lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe, vacca, na lugha nyingi za Ulaya bado zinamtaja mnyama huyo bila kujua. Kabla ya Jenner, watu wa Asia na sehemu za Afrika walikuwa wakiwatia wazima usaha wa ndui yenyewe kwa mkato mdogo. Huko Uturuki, Lady Mary Wortley Montagu aliuona utaratibu huo mwaka 1717, na mwaka uliofuata akamfanyia mwanawe. Kwa Kituruki tendo hilo huitwa aşı, neno linalotumika pia kwa kupandikiza tawi la mti juu ya mti mwingine. Kijerumani nacho kilichukua neno lake kutoka bustanini, na Kiarabu kina maneno yanayohusu upandikizaji na uchavushaji.

Kiswahili kingeweza kuazima. Msamiati wake wa afya umejaa maneno yenye asili ya Kiarabu: dawa, tiba, tabibu, afya. Baadaye yaliingia maneno ya Kiingereza kama daktari, hospitali na kliniki. Hata hivyo, kwa dhana hii wasemaji hawakuazima ng'ombe wa Jenner wala chipukizi la mtunza bustani. Walichukua kitenzi chao, wakakitia kiambishi -o cha kuunda nomino, kama tenda inavyozaa tendo na fumba inavyozaa fumbo, wakapata chanjo. Neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Aliyemwona mchanjaji wa ndui akikwaruza ngozi na kuweka dawa alijua anachokiona, kwa sababu alikuwa amekwisha kukiona kwa mganga.

Ndui na amri

Iwapo neno lilikuwa la kwao, je, kwa nini tendo halikupokewa daima kwa moyo mkunjufu? Jibu linapatikana katika mazingira ya kihistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliteketeza mifugo ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa muongo huohuo, njaa na ndui ziliua watu wengi katika bara ambalo leo ni Kenya. Chanjo ya ndui iliwafikia watu wengi katika kipindi hichohicho cha kutekwa nchi, sambamba na kodi na kazi za lazima. Mchanjaji alifuatana na mtu wa serikali, na watu walikusanywa, wakapangwa mistari, wakachanjwa. Waliopokea chanjo kwa furaha walikuwapo, kwa sababu ndui haikuhitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuona uso ulioliwa nayo. Hata hivyo, ile maana ya agano ilipotea. Hakukuwa tena na kuchanjiana. Kulikuwa na kuchanjwa tu.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni iliyoimarishwa ya kuitokomeza ndui. Chombo chake kikuu kilikuwa sindano fupi yenye ncha mbili, iliyobeba tone la dawa kati ya ncha zake na kuchomwa mara 15 mahali pamoja juu ya mkono. Kovu la duara lililobaki lilikuwa hati ya mwilini, na wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalo hadi leo.

Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merka, Somalia, ulio katika mwambao uleule kati ya Mogadishu na Barawa, mji wa wasemaji wa Chimiini. Jina lake ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mwenye umri wa miaka 23. Alifanya kazi hospitalini, na kwa muda alishiriki katika kampeni yenyewe ya kuitokomeza ndui, lakini yeye hakuwa amepata kinga. Miaka mingi baadaye alieleza sababu: aliogopa kwamba chanjo ingemuuma. Alipona, na tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imetoweka. Maalin aliutumia ukubwa wake kuwashawishi wazazi wa Somalia wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio, akiwasimulia kisa chake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo.

Kisa hiki kina uzito kwa mada yetu. Mtu aliyekuwa karibu na dawa kuliko wengi hakukosa maarifa. Alikuwa na hofu ya maumivu. Hofu ya aina hiyo haianzi utu uzimani.

Sindano, matone na mumiani

Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo kwa watoto wote. Tanzania iliuanza mpango wake mwaka 1975 na Kenya mwaka 1980. Maradhi sita yalilengwa: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Isipokuwa polio, majina hayo yalikuwa tayari yamekaa katika Kiswahili, na baadhi yake hujieleza yenyewe. Dondakoo ni donda la koo. Kifua kikuu huonyesha mahali ugonjwa unapokaa. Pepopunda huhifadhi imani ya kale kuhusu chanzo cha mkakamao wa mwili. Lugha ilikuwa tayari kwa mpango huo.

Mabadiliko makubwa yalitokea katika vitenzi. Chanjo nyingi za watoto sasa hazikuwa za kukwaruza ngozi bali za bomba la sindano, na nyingine, kama ile ya polio, zilikuwa matone ya kudondoshwa mdomoni. Nomino chanjo ikapanuka kimaana hadi ikawa chanjo isiyochanja: mtu husema chanjo ya matone bila kuhisi mgongano wowote. Wembe ulitoka, kinga ikabaki. Hapo nomino ilijitenga na ukali wa asili yake.

Ukali huo, hata hivyo, ulihamia kwingine. Nyumbani mtoto hasikii sana neno chanjo. Husikia kwamba atachomwa sindano, au, hasa nchini Kenya, kwamba atadungwa. Kitenzi choma kina maana mbili zinazoishi pamoja: kuunguza kwa moto na kupenyeza kitu chenye ncha. Mtu mzima huzitenganisha kwa muktadha. Mtoto wa miaka miwili au mitatu amefundishwa maana ya kwanza mapema na kwa msisitizo, maana ameonywa mara nyingi asikaribie jiko kwa kuwa moto utamchoma. Anapoambiwa kwamba muuguzi atamchoma, hana sababu ya kufikiria jambo jingine. Ni ajabu ya lugha kwamba kichomi, jina la maumivu makali ya kifua ambalo hutumika pia kwa nimonia, limetokana na kitenzi hichohicho. Na tangu Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya nimokoka mwaka 2011, mtoto huchomwa ili asipate kichomi.

Mazingira haya yanapata uzito zaidi tunapokumbuka mumiani. Neno hilo, lenye asili ya Kiajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa utomvu iliyouzwa katika pwani. Baadaye watu waliamini kwamba dawa hiyo ni damu ya binadamu, na mumiani akawa mtu anayewakamata watu usiku ili kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi uvumi wa namna hiyo ulivyoenea Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni na kuhusishwa na watumishi wa serikali, zimamoto na watu wa tiba. Kwa mintarafu ya mhadhara huu, jambo muhimu ni la kisarufi: hofu hiyo ilichanganya vitenzi viwili, kutoa na kutia. Sindano ya mumiani hutoa damu. Sindano ya chanjo hutia kinga. Mtoto anayetishwa kwamba asiponyamaza daktari atamchoma sindano anarithi ile ya kwanza, hata kama neno mumiani halijatamkwa masikioni mwake.

Kutoka kuchanjwa hadi kuchanja

Hatua ya karibuni katika historia hii ilionekana wakati wa janga la UVIKO-19. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam alipozindua kampeni ya taifa. Katika miezi iliyofuata, kauli moja ilisikika kila mahali: nimechanja. Aliyesema hivyo hakuwa mchanjaji. Alikuwa ndiye aliyepokea sindano, na sarufi ya vitabuni ingemtaka aseme nimechanjwa.

Si sahihi kuiita kauli hiyo kosa. Kiswahili kina desturi ya zamani ya kutumia kauli ya kutenda kwa jambo ambalo mtu hufanyiwa na mwingine kwa kutaka kwake. Aliyetoka kwa kinyozi husema nimenyoa, na aliyetoka kwa msusi husema nimesuka, ingawa mikono iliyofanya kazi si yake. Kinachohesabiwa katika matumizi hayo ni hiari. Kwa kusema nimechanja, mtu mzima alidai kwamba uamuzi ulikuwa wake. Baada ya zaidi ya karne ya kupangwa mistari, kiambishi -w- kilianza kuachwa na watu wenyewe, wala hapakuwa na kamati ya istilahi iliyoagiza.

Mtoto mdogo hawezi kusema hivyo. Uamuzi si wake, wala haufai kuwa wake, kwani surua haingoji akomae. Swali linalobaki ni kama lugha inaweza kumpa sehemu ndogo ya kutenda ndani ya tendo analotendwa.

Kumwandaa mtoto

Katika ratiba ya Tanzania na Kenya, sindano nyingi za utotoni hutolewa kabla mtoto hajasema: anapozaliwa, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Kwa mchanga wa wiki 6, lugha ni sauti, joto na harufu ya mama. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kumnyonyesha mtoto wakati wa kuchanjwa au muda mfupi kabla yake, na kumpakata mtoto badala ya kumlaza na kumkandamiza. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakifanya hayo kabla ya kuandikwa; tatizo limekuwa foleni na haraka ya kituoni.

Katika miezi 18 hali hubadilika. Katika umri huo mtoto huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyatamka, na kwa hiyo mzazi anayezungumza na jirani kuhusu sindano mbele yake hazungumzi faraghani. Mtoto wa miaka mitatu au minne, anayefikiwa na kampeni za surua na rubela, huweza kuelezwa kwa sentensi fupi. Msimamo uliotajwa unawataka wahudumu watumie maneno yasiyoegemea upande wowote, waepuke yanayoongeza hofu, na waepuke pia faraja ya uongo.

Hili la mwisho ndilo gumu zaidi katika desturi zetu. Neno haiumi husemwa kwa upendo, lakini muda wake wa kuishi ni mfupi kama uchungu wenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, wasema wahenga, na njia hii hukatika mbele ya macho ya mtoto, palepale sindano inapoingia. Anachojifunza si kwamba sindano huuma, bali kwamba maneno ya mama yake, siku hiyo, hayakuwa na kitu ndani yake. Safari ijayo mama akimwambia la kweli, hataaminiwa.

Utamaduni wa Waswahili na majirani zao una mfano wa kumwandaa kijana kwa maumivu, nao ni jando. Mwari hakudanganywa kwamba wembe wa ngariba hauumi. Alielezwa, akafundishwa nyimbo, akawa na watu wa kumsimamia. Sehemu moja ya mfano huo haifai kuchukuliwa, yaani sharti la kutolia. Mtoto wa miaka mitatu ana haki ya kulia, na amri ya usilie humwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Inayofaa ni ile sehemu ya ukweli na usindikizaji.

Kiswahili kina zana za kutosha kwa kazi hiyo. Badala ya utachomwa, mzazi anaweza kusema kwamba muuguzi atatia dawa ya kinga mkononi, na mtoto atasikia kama amefinywa, kisha itakwisha. Kitenzi finya kina ukweli ndani yake, na mtoto anakijua kwa vipimo vya mwili wake. Zaidi ya hayo, mtoto anaweza kupewa vitenzi vya kutenda ambavyo ni vyake: kuchagua mkono pale panapowezekana, kuhesabu moja hadi tatu, kupuliza pumzi kama anayepoza uji, kumshika baba kidole. Akirudi nyumbani atakuwa na la kusimulia lisilo na -w- ndani yake: nilihesabu, nilipuliza, nilitoa mkono.

Baada ya sindano, lugha hii ina maneno mawili ambayo lugha nyingi zinayakosa. Pole haikanushi maumivu wala haiyakuzi. Huyatambua na kuyashiriki. Hongera hufuata, na husifu ustahimilivu bila kuuliza kama machozi yalitoka. Mama anayemwambia mwanawe pole, baba, kisha hongera, baba, amemwambia kweli mara mbili kwa maneno manne.

Hitimisho

Historia ya chanjo katika Kiswahili ni historia ya neno lililotoka kwenye agano likaingia kwenye amri, na ambalo watu wazima wameanza kulirudisha kwenye hiari. Watoto wamebaki nyuma katika safari hiyo, na hofu wanayoachiwa haibaki utotoni. Hupelekwa hadi umri wa kuamua, kama ilivyompata mpishi wa Merka, na kutoka hapo hadi kwa watoto wa watoto.

Kwa wanafunzi wa isimu kuna kazi inayosubiri katika kila kituo cha afya. Mazungumzo kati ya mzazi, muuguzi na mtoto katika dakika chache kabla ya sindano hayajakusanywa wala kuchambuliwa ipasavyo katika Kiswahili, ilhali vitisho, bembelezo na ahadi zake ni data ya pragmatiki yenye manufaa ya moja kwa moja. Uchunguzi huo ukifanywa Unguja, Mombasa, Tabora na Bukavu, kwa lahaja na desturi zake, utawapa wahudumu wa afya maneno yaliyopimwa na wasemaji wenyewe, badala ya tafsiri za mabango. Chanjo mpya zitaendelea kuja, kama ile ya malaria ambayo Kenya iliianza kwa majaribio mwaka 2019, na kila moja itamkuta mtoto anayesikiliza.